Ozoni ya juu na ozoni ya chumbani: kisa cha nyumba ya wageni Lamu

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba ozoni ni nzito kuliko hewa. Mbona basi iko juu?"

Niliulizwa swali hili mwezi wa Julai, kusi likiwa limekaza, na msichana wa kidato cha tatu ninayemfundisha kemia hapa kisiwani. Nikalipokea kama swali zuri la darasani, nikaanza kutafuta chaki. Akanikatiza kwa adabu. Hakuwa akiuliza kwa ajili ya mtihani. Babake, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa amenunua mashine ya kutoa ozoni, mama anayesafisha vyumba alikuwa akikohoa siku ya nne, na babake alishikilia kuwa ozoni haiwezi kumdhuru mtu kwa sababu ni gesi ya mbinguni, ile inayotukinga na jua.

Nakiandika kisa hiki kwa idhini ya wahusika, bila majina yao. Kilinigusa kwa sababu kila aliyekuwa karibu na yule mama alikuwa na kipande cha elimu, na kipande hicho kilikuwa cha kweli. Ni kweli ozoni hutukinga. Ni kweli iko juu. Ni kweli ni nzito kuliko hewa. Kweli tatu nyumba moja, na hakuna aliyemwambia mwanamke yule atoke chumbani.

Chumba

Nyumba iko ndani ya mji wa kale, nyuma ya Usita wa Mui. Ni ya matumbawe na chokaa, ina orofa mbili, na kiwanda, yaani uwanja wa ndani, kiko katikati. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kama vya nyumba zote za zamani hapa, kwa kuwa upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kuta hizo hunywa maji. Masika yakipita, koga nyeusi hutambaa kutoka sakafuni, na chumba kisichofunguliwa hupata uvundo unaoingia hadi kwenye magodoro. Chumba tunachokizungumzia kilikuwa kimefungwa tangu Aprili.

Wazee wetu wangefungua madirisha, wangekwangua na kupaka chokaa upya, kisha wangefukiza udi. Mwenye nyumba alikuwa na wageni waliokwisha kulipa, na siku zilikuwa chache. Akiwa Mombasa aliuziwa kikasha chenye feni, mabamba ya chuma na taa ya kijani. Ubavuni kimeandikwa kwamba kinatoa gramu 5 za ozoni kwa saa. Muuzaji alimwambia kinatoa "hewa safi ya juu". Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha ya kigeni, na kwenye pembe yake mchoro mdogo wa mtu aliyepigwa mstari. Maana yake ni kwamba chumba kisiwe na mtu mashine inapofanya kazi. Mchoro huo ndio ulikuwa habari muhimu kuliko zote ndani ya boksi, na hakuna aliyewafafanulia.

Mashine iliwekwa kwenye daka, yaani tundu la ukutani la kuwekea vitu, mlango na madirisha vikafungwa, ikawashwa usiku kucha. Saa moja asubuhi mama wa usafi aliingia kufagia, kupiga deki na kutandika, naye aliiacha iwake kama alivyoagizwa. Alikaa humo kiasi cha saa nzima. Siku ya kwanza koo lilimwasha. Siku ya pili macho yalimchoma, na kila akivuta pumzi ndefu kifua kilibana. Usiku wa siku ya tatu alikohoa kikohozi kikavu hadi alfajiri. Siku ya nne alipumzika mara mbili ngazini, mtu ambaye hupanda ngazi hizo hizo na ndoo ya maji kila siku.

Alipewa sababu nyingi. Vumbi la chokaa. Baridi ya kusi. Moshi wa udi wa jirani. Kwenye zahanati alipewa dawa ya kikohozi bila kuulizwa anafanya kazi gani na anavuta hewa ya namna gani. Aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe aliishuku mashine tangu siku ya pili, lakini alinyamaza kwa sababu walimwambia ni kitu cha elimu. Hilo liliniuma kuliko mengine yote.

Nilipofika, harufu niliipata kabla ya kufika mlangoni. Ni kali na ya baridi, kama ya chumba cha mashine za kutolea nakala zilizofanya kazi mchana kutwa, au ya hewa baada ya radi kupiga karibu. Harufu hiyo ndiyo iliyoipa gesi jina. Mwaka 1839, mjini Basel, mwanakemia Christian Friedrich Schönbein aliisikia akipitisha umeme kwenye maji, akaiita ozoni kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. Kwa hiyo binadamu aliijua gesi hii kwanza chini, puani mwake, kabla ya mtu yeyote kujua kwamba iko angani.

Nilimwamkia mwenye nyumba, nikamwomba tuizime kwanza ndipo tuongee. Alikubali shingo upande.

"Mwalimu, hii ni ya yuu," aliniambia. "Mola ameiweka yuu itukinge. Itamdhuru vipi mtu?"

"Ami, naomba tufungue madirisha, sote tushuke kiwandani. Nitakujibu huko."

Tulifungua kila kilichofunguka. Upepo wa kusi ukapita chumbani kutoka upande hadi upande, na baada ya saa moja harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu lina sehemu kubwa ya jibu.

Karatasi tatu

Sikutaka kubishana na mtu mzima kwa maneno matupu nyumbani kwake. Siku ya pili nilileta kutoka maabara ya shule iodidi ya potasiamu kidogo, na jikoni kwao tukapika uji mwepesi wa unga wa wanga. Tukachanganya, tukachovya vipande vitatu vya karatasi nyeupe. Ni jaribio la zamani, la Schönbein mwenyewe: ozoni huitoa iodini kwenye iodidi, na iodini ikikutana na wanga hugeuka rangi ya buluu inayoelekea zambarau.

Karatasi moja tuliining'iniza chumbani, tukaiwasha mashine, tukafunga mlango na kutoka. Ya pili tuliitundika kiwandani, ya tatu nje kibarazani. Dakika kumi baadaye niliingia haraka nimeziba pua kwa kitambaa, nikazima, nikatoka na karatasi. Ilikuwa ya zambarau mpaka pembeni. Mbili za nje zilibaki nyeupe.

Jaribio hili halipimi kiasi, na unyevu wa hewa yetu hulichezea. Lilitosha kuonyesha kitu kimoja: ozoni ilikuwamo chumbani kwa wingi ambao haukuwako nje. Msichana alileta ushahidi wake pia. Kwenye daka hilo hilo kulikuwa na kitabu cha risiti kilichofungwa kwa mipira midogo, na mipira yote miwili ilikuwa imechanika nyufa ndogo ndogo, zote zikikata kwa mapana, kuvuka mwelekeo ambao mpira umevutwa. Ozoni huushambulia mpira wa asili uliovutwa namna hiyo hasa. Alikuwa ameuona mpira huo siku mbili kabla, lakini hakujua anachokiona.

Ami aliishika karatasi ya zambarau muda mrefu. Kisha akauliza swali la binti yake, kwa maneno yake: ikiwa ni kali hivi, na ni nzito, imekaaje juu miaka yote hii bila kutuangukia?

Uzito haupangi hewa

Molekuli ya ozoni ina atomu tatu za oksijeni, na uzito wake, kwa kipimo cha kemia, ni 48. Hewa ya kawaida, kwa wastani, ni 29. Mtu aliyezoea kuona mchanga ukizama na mafuta yakielea hutarajia ozoni izame. Lakini mchanga huzama kwa sababu chembe zake ni kubwa mno. Molekuli ya gesi kwenye joto la chumba hukimbia mamia ya mita kwa sekunde, ozoni ikiwa karibu mita 400, na hugongana na wenzake mabilioni ya mara katika sekunde hiyo hiyo. Juu ya hayo upepo huikoroga hewa yote bila kupumzika. Katika vurugu hiyo tofauti ya 48 na 29 haipati nafasi ya kufanya kazi. Mpaka kilomita 100 hivi kwenda juu, hewa imechanganyika vizuri, nzito na nyepesi pamoja.

Nilimpa ami mfano wa hewa ya ukaa. Uzito wake ni 44, karibu sawa na ozoni. Kama gesi zingejipanga kwa uzito, hewa yote ya ukaa iliyoko angani ingelala chini kama blanketi la zaidi ya mita tatu, na kisiwa chote kingekosa pumzi usiku mmoja. Anayelala kwenye mkeka na anayelala kwenye samadari wangekufa pamoja. Haitokei, kwa sababu haijipangi.

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Gesi za friji za zamani, zilizoitwa freoni, zina uzito wa 121 na 137, mara nne ya hewa na zaidi. Zingekuwa za kuzama, hizo zingezama. Zilipanda mpaka kilomita 20 na zaidi, kwa sababu chini hakuna kinachozivunja na hewa inayopanda hubeba kila kitu. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba huko juu mwanga wa jua utazivunja na klorini yake itaila ozoni, na mwaka 1985 shimo la ozoni juu ya Antaktika likatangazwa. Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kuzuia gesi hizo, ulitokana na gesi nzito zilizokwea juu.

Kwa hiyo uzito tuuweke kando. Swali la "kwa nini haishuki" linachukulia kwamba ozoni ni akiba ya kale iliyopandishwa mara moja ikatundikwa. Sivyo ilivyo. Kila siku inatengenezwa na kila siku inaharibiwa. Anayetaka kujua iko wapi, na aulize inazaliwa wapi na inakufa wapi.

Inapozaliwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye uzuri wenyewe.

Oksijeni tunayoivuta ina atomu mbili zilizoshikana kwa nguvu. Kuzitenganisha kunahitaji mwanga mkali sana, miale ya urujuanimno yenye wimbi fupi kuliko nanomita 242. Mwale huo ukiipiga molekuli ya oksijeni, atomu mbili hutengana, na kila atomu iliyo peke yake hutafuta wa kushikana naye. Ikikutana na molekuli nyingine ya oksijeni huwa tatu, yaani ozoni. Lakini zinapokutana mbili tu, nguvu ya kugongana huzirudisha nyuma, kama dau linaloligonga gati wakati hakuna wa kushika kamba. Lazima molekuli ya tatu iwepo, iwe ya naitrojeni au ya oksijeni, ichukue nguvu ile iende nayo. Mwingereza Sydney Chapman aliipanga hesabu hii mwaka 1930. Aliyokuja kuongezewa baadaye ni njia nyingine za kuharibika kwa ozoni, kwa maana hesabu yake ilitoa ozoni nyingi kuliko iliyopimwa. Msingi wake umesimama hadi leo.

Sasa angalia: ozoni inahitaji vitu viwili ambavyo havikai pamoja. Mwanga ule mkali uko tele juu kabisa, lakini huko hewa ni haba, oksijeni ya kupigwa ni chache na mtu wa tatu wa kushika kamba haonekani. Chini kwetu hewa imesongamana, oksijeni imejaa, lakini mwanga ule umekwisha, umemezwa njiani na oksijeni na ozoni yenyewe. Kati ya hapo pana mahali ambapo mwanga bado unatosha na hewa imeanza kutosha. Mahali hapo ndipo tabaka la ozoni.

Msichana alilishika haraka kuliko nilivyotarajia. "Kama mikoko," akasema. Na ndivyo. Hakuna anayeuliza kwa nini mikoko haikukimbilia kilimani au haikuzama kwenye kina. Iko kwenye ukanda wa kupwa na kujaa kwa sababu ndipo inapoweza kuota na kuishi. Bara kavu haiwezi, bahari kuu haiwezi. Ukanda wa ozoni nao ni pwani ya namna hiyo, pwani ya mwanga.

Katika latitudo zetu ozoni iliyo nyingi kwa ujazo huwa kilomita 25 hadi 27 hivi kwenda juu. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za ozoni yote ya dunia zimo katika stratosfera, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua. Na hata hapo ni chache kwa namna ya kustaajabisha: ungeikusanya yote iliyo juu ya kichwa chako, ukaishusha hadi usawa wa bahari kwenye baridi ya sufuri, ingekuwa tabaka la milimita 3 hivi. Huku ikweta ni pungufu kidogo ya hapo. Hewa ya stratosfera hupanda pole pole juu ya ukanda wetu, kisha huelekea pande za ncha za dunia na kushuka huko, ikibeba ozoni iliyozaliwa juu yetu. Karakana ya kuitengeneza iko kwetu, ghala liko kwa wengine. Ndiyo sababu mojawapo, pamoja na jua la utosini, inayofanya miale ya urujuanimno iwe mikali Lamu, kiasi cha kumfanya mvuvi asidharau kofia.

Watu wa mwambao huu wana haki ya kujua kwamba jambo hili limepimwa hapa hapa kwetu. Wengi wanakijua kituo cha anga cha Waitaliano kule Ngomeni, karibu na Malindi, na majukwaa yake ya San Marco yaliyosimama baharini. Kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Wachache wanajua kwamba kuanzia 1999 hadi 2006 Malindi ilikuwa pia kituo katika mtandao wa SHADOZ, unaopima ozoni ya ukanda wa joto na kusini kwa kutumia maputo. Puto hubeba kikasha chenye pampu ndogo na maji ya iodidi ya potasiamu. Hewa ikipitishwa humo, ozoni huitoa iodini, na umeme mdogo unaotokea huonyesha kiasi chake, mita kwa mita, mpaka puto lipasuke kwenye kilomita 30 hivi. Ni ile ile kemia ya karatasi yetu ya zambarau. Puto likipanda katika ukanda huu hukuta ozoni kidogo chini, kidogo tena katikati, na baada ya kilomita 16 au 17 kiasi kinaruka juu kwa ghafla.

Kwa nini ghafla? Kwa sababu hapo ndipo stratosfera inapoanzia. Ozoni ikimeza miale ya jua hupata joto na kuipasha hewa iliyoizunguka, hivyo stratosfera huwa na joto zaidi kadiri unavyopanda. Hewa yenye joto ikiwa juu na ya baridi ikiwa chini, hakuna kupinduana. Tazama wingu kubwa la mvua linavyokwea na mwishowe kutandazika kama limegonga dari. Dari hilo ozoni imejijengea yenyewe kwa joto lake. Baadhi yake huvuja kuja chini, lakini kwa mwendo wa miezi na miaka.

Nilipofika hapo nilimwambia ami neno ambalo ndilo nililotaka kumwambia tangu mwanzo. Mwanga unaotengeneza ozoni ni mwanga unaoua. Ungefika hapa chini ukatengeneza ozoni uwanjani kwetu, wala tusingekuwa hai kuivuta. Kwamba ozoni inazaliwa juu na kwamba sisi tunaishi chini ni jambo moja.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mimi nimeizalisha chini."

Inapokufa

Ndivyo. Mashine ile haiteki ozoni ya angani. Hupitisha umeme wa nguvu kubwa kati ya mabamba, na cheche zake huivunja oksijeni kwa nguvu inayolingana na ile ya mwanga wa jua la juu. Atomu iliyo peke yake hupata mwenzake na mtu wa tatu papo hapo, kwa kuwa chumba kimejaa hewa iliyosongamana. Radi hufanya vivyo hivyo, na hewa ya miji yenye magari mengi huizalisha kwa njia nyingine, kwa moshi na jua. Lamu ina punda wengi kuliko magari, kwa hiyo hilo si tatizo letu kubwa.

Kinachotuokoa chini ni kwamba ozoni haina maisha marefu hapa. Ile atomu ya tatu imeshikwa kwa ulegevu, na ozoni huitoa kwa chochote inachokigusa: jani, ukuta wa chokaa, pazia, mpira wa risiti. Bahari nayo huila, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na iodidi iliyomo ndani ya maji ya chumvi. Katika hewa safi yenye unyevu mwingi kama ya Bahari ya Hindi, jua huivunja ozoni na mvuke wa maji huipokea atomu iliyotoka, isirudi tena. Harufu ilikwisha ndani ya saa moja madirisha yalipofunguliwa kwa sababu upepo uliitoa nje, na iliyobaki ikafia kwenye kuta. Chini ozoni hufa upesi, na hakuna mwanga wa kuizaa upya. Mashine inapofanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa, hilo la kuizaa upya linakuwepo, usiku kucha.

Na inapokosa ukuta wa kugusa, hugusa koo na mapafu. Kumchoma yule mama ni kazi ile ile iliyofanywa kwenye karatasi na kwenye mpira.

Hesabu

Chumba kina urefu wa mita 6, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 3.3, yaani mita za ujazo 50 kwa makadirio. Mashine imeandikwa gramu 5 kwa saa. Tugawanye: ni miligramu 100 kwa kila mita ya ujazo katika saa moja, kama hakuna iliyokufa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asivute zaidi ya mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Hiyo ni mara elfu moja.

Sikubali kwamba kiasi chote hicho kilikuwepo. Mashine za bei hii mara nyingi hazitoi zinachoandika, unyevu huzipunguza nguvu, na ukuta wa chokaa hula nyingi. Tuseme imebaki sehemu 1 tu kati ya 100. Bado ni mikrogramu 1,000, mara kumi ya kiwango, na mama yule alipumua humo huku akifanya kazi ya nguvu, akivuta pumzi ndefu.

Kuna ulinganisho mmoja zaidi, na huu ndio uliomtikisa ami. Katikati ya tabaka la ozoni lenyewe, kilomita 25 juu, pale inapokuwa nyingi kuliko popote angani, mita moja ya ujazo ina mikrogramu 400 hivi. Kwa makadirio yetu ya chini, chumba chake kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hiyo. Hakuwa ameleta hewa ya juu nyumbani. Alikuwa ameipita.

Yaliyofuata

Mashine ilirudishwa ndani ya boksi siku ile ile. Nilimwambia ukweli kwamba kifaa kama hicho kinaweza kutumika penye chumba kitupu kabisa, kikazimwa, chumba kikafunguliwa saa kadhaa kabla ya mtu kuingia, lakini kwamba koga yake inatokana na maji, na maji hayaondolewi na ozoni. Fundi alipopanda darini alikuta mfereji wa mvua umepasuka na unamwaga ndani ya ukuta. Umezibwa. Kuta zimekwanguliwa na kupakwa chokaa, na dirisha la upande wa kiwandani, lililokuwa limepigwa misumari miaka mingi, limefunguliwa.

Mama wa usafi alirudi hospitali, safari hii na barua yangu fupi inayoeleza alichokivuta na kwa muda gani. Alisikilizwa vizuri. Kubana kwa kifua kulipungua baada ya siku chache, kikohozi kilichukua wiki tatu hivi kumwacha. Ami alilipa matibabu na siku zote alizokosa kazi, na alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mama huyo kumwomba radhi, mbele ya wanawe. Namheshimu kwa hilo. Muuzaji wa Mombasa hakumsahau, na amemrudishia ile karatasi ya maelezo kwa mkono wa mtu, mchoro wa pembeni ukiwa umezungushiwa wino mwekundu.

Msichana ameandika kisa hiki kama ripoti ya sayansi ya darasa, na karatasi ile ya zambarau ameibandika ukurasa wa kwanza. Imeanza kupauka. Mama wa usafi ameniomba nimwombee kwa ami jambo moja tu: chumba kile kisifukizwe udi mpaka kaskazi iingie, kwa sababu kifua chake bado kinasita mbele ya moshi. Ami amekubali, na chetezo kimehamishiwa chini, kwenye ukumbi wa msana.